Ukurasa wa Kulia

Kila Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, Kaluki alitakiwa awachekeshe watu.

Haikuwa kazi aliyoisomea. Stashahada yake ilikuwa ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa miaka mingi kazi yake katika Chuo cha Makarani, hapo chini mjini, ilikuwa kukaa kwenye chumba kilicho chini ya ngazi, kisicho na dirisha, akipanga majalada ambayo hakuna aliyeyataka mpaka siku alipoyataka kwa haraka. Kisha chuo kikakaribia sherehe za kutimiza miaka sabini. Mkuu wa chuo, Bwana Mwangangi, akateremka ngazi, jambo asilolifanya mara nyingi, akasema watu hawataki historia ya kuwapigisha miayo. Wanataka kucheka.

"Humu ndani hamkosi vituko," alisema, akiangalia rafu kama mtu anayeangalia shamba la jirani. "Nitafutie kimoja kila wiki. Tuweke kwenye ukurasa wa chuo na kwenye grupu la waliosoma hapa. Wakicheka, watakuja kwenye sherehe. Ni hivyo tu."

Kwa Bwana Mwangangi kila kitu kilikuwa ni hivyo tu. Aliyepanda na kushuka ngazi za rafu akila vumbi alikuwa Kaluki.

Lakini alivipata. Alipata barua ya mwanafunzi wa zamani akiomba ruhusa ya kufuga jogoo mmoja bwenini, kwa sababu saa yake iliibwa na jogoo haibiki kwa urahisi. Alipata picha ya msichana aliyeshinda mashindano ya kupiga taipu, amekumbatia zawadi yake, chupa ya chai kubwa kuliko kichwa chake, na sura yake haina hata chembe ya furaha. Alipata tangazo lililokataza kupiga mluzi katika darasa la hati mkato, likiwa na saini za walimu wote isipokuwa mmoja, na pembeni mtu ameandika kwa penseli, "Huyo ndiye mwenyewe." Watu walicheka, wakatuma vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Bwana Mwangangi akamwambia kwenye korido, "Umeona sasa?"

Kisha akakipata kitabu cha malalamiko ya jikoni, na hapo watu wakashikwa kabisa.

Kilikuwa kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa, kimelainika kwa mafuta ya mikono ya watu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa ofisi: Kitabu cha Malalamiko ya Chakula, Mpishi Mkuu Bi Mwanasha Shee. Zamani hizo, miaka ya sabini, chuo kilikuwa na mabweni na jiko lake. Kurasa za kushoto ziliandikwa na wanafunzi. "Ugali wa jana tulitaka kuukata, tukamtuma mwenzetu akaazime msumeno. Fundi amekataa, anasema huo ni simiti na msumeno wake ni wa mbao." Chini yake mwingine: "Tunaomba kujulishwa kama kinywaji cha asubuhi ni chai, au ni maji yaliyosikia habari za chai." Na mwingine: "Nyama ilionekana mara ya mwisho Jumapili. Atakayeiona atoe habari kituo cha polisi kilicho karibu naye."

Kurasa za kulia zilikuwa na mistari ya herufi za Kiarabu kwa wino wa kijani.

Kaluki alilelewa Mbooni, katika nyumba ya mzee wa kanisa. Herufi hizo alizijua kwa kuziona tu, juu ya milango ya misikiti na kwenye fremu za dhahabu katika maduka ya Biashara Street. Kila alipoziona, zilikuwa zimetundikwa juu, mahali pa heshima. Akafikiri mpishi, Mwislamu mcha Mungu, alitumia kurasa zilizobaki wazi kunakili dua zake. Na kwa jinsi alivyolelewa, maneno ya sala hayawekwi kando ya mzaha wa ugali. Kila alipopiga picha alichukua bahasha ya kaki, akaufunika ukurasa wa kulia vizuri mpaka mwisho, kisha ndipo akabonyeza simu. Aliona amefanya jambo la heshima. Hata alijisifu kidogo, kwa maana hakuna mwingine aliyekuwapo wa kumsifu.

Wiki ya kwanza ya ugali, watu walicheka. Wiki ya pili mpishi akapata jina: Mwanasha Simiti. Wiki ya tatu wanafunzi wa sasa, ambao hawakuwahi kuonja ugali wa mtu huyo, walilitumia jina hilo kwa kitu chochote kigumu, pamoja na mtihani wa uhasibu.

Nyumbani kwake Riruta, jioni hizo, Kaluki alifunika sufuria ya mboga ya sukuma wiki, akamwita Stacy mezani. Binti yake alikuwa katika umri ambao kila kitu ni kosa la mtu mwingine.

"Sukuma tena, Mum?"

"Tena."

"Jana ilikuwa sukuma."

"Na kesho nitakushangaza, itakuwa sukuma iliyokatwa kwa upande mwingine. Kula."

Stacy akala akitazama simu, na kwa dakika moja akatabasamu, kwa sababu alikuwa akisoma kituko cha chuo. Kaluki aliliona tabasamu hilo. Akaosha vyombo akiwa na usingizi machoni.

Jumatatu, mwanamke mmoja aliteremka ngazi bila kuuliza njia. Alivaa buibui nyeusi, na harufu ya udi ikaingia chumbani kabla yake.

"Wewe ndiwe Kaluki?"

"Ndimi. Karibu. Kama ni cheti kimepotea, fomu ziko juu, mlango wa pili."

"Mimi sikusoma hapa. Mamangu ndiye aliyepika hapa." Akavuta kiti akakaa. "Naitwa Shahida. Bi Mwanasha ni mamangu."

Kaluki aliiweka kalamu mezani. Mpaka dakika hiyo hakuwahi kufikiri kwamba Mwanasha Shee ni mtu anayeweza kuwa na binti, au kuwa hai.

"Nina duka la manukato hapo mjini," Shahida akaendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mteja amekuja, mimi nampimia udi, yeye anisomea simu. Mwanasha Simiti, Mwanasha Simiti. Acheka mpaka ashika kaunta. Hakujua ni mamangu. Nami sikumwambia, nikampa chenji yake akaenda."

"Pole," alisema Kaluki. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, akaongeza, "Lakini si sisi tuliomtukana. Ni maneno ya wanafunzi wa wakati huo, yako humu kitabuni."

"Najua. Na Mama ajua. Hakukasirishwa na hayo." Shahida alitazama rafu, kisha akamgeukia. "Binti yangu Nabiha alimsomea yote, moja baada ya jingine. Mama akasikiliza, akicheka hata. Kisha akauliza, 'Na mimi nimesema nini?' Nabiha akamwambia, wewe hukusema kitu, Bibi. Akauliza tena. Basi tangu siku ile amenyamaza. Hatoki. Jirani amwita barazani, asema kichwa chamuuma. Jana ndiyo akanambia, nenda kawaulize watu wa chuo, kwa nini wamenikata ulimi."

Kaluki hakuelewa, akasema haelewi. Shahida akasema hata yeye haelewi, ndiyo maana amekuja. Kitabu chenyewe kiko wapi?

Kaluki akakitoa, akakifungua palepale penye ugali. Shahida akakisogeza karibu na taa. Mwanzo alisoma kimya, midomo ikitembea, kwa sababu alizizoea herufi hizo katika msahafu, na kukutana na Kiswahili kwa maandishi hayo kulikuwa kama kumkuta mwalimu wako wa madrasa amevaa kaptula. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nini?" Kaluki akauliza.

Shahida akasoma kwa sauti. "'Ugali ulikuwa tayari saa sita. Nyinyi mlikuja saa nane, mpira umekwisha. Ungekuwa ni wewe umekalishwa sufuriani saa mbili wamngoja mtu, ungekuwa laini?'" Akafungua ukurasa wa pili. "'Sukari na maziwa yako kwa karani wa stoo. Mimi nilipewa habari, nami nimewapikia habari.'" Na wa nyama: "'Imeonekana kwenye sahani ya mkuu wa chuo. Nendeni mkaikamate, mimi nitawashikia mlango.'"

"Hizi si dua?"

"Dua?" Shahida akamtazama. "Dua gani hii ya kumkamata mkuu wa chuo?"

Kaluki aliketi. Akaeleza habari ya bahasha ya kaki, yote, bila kuipamba. Shahida akasikiliza hadi mwisho, na kama alikuja na hasira, sasa hakujua aiweke wapi.

"Ulifunika kwa heshima."

"Kwa heshima."

"Kwa nini hukumuuliza mtu? Mji huu umejaa watu wanaosoma herufi hizi. Ungetoka hapo nje tu."

"Nilikuwa nimechoka," alisema Kaluki. "Nikaona kuuliza ni kazi nyingine."

Lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia hata kidogo.

Alipopanda kumweleza Bwana Mwangangi, alimkuta ofisini amezungukwa na mabango. Yalikuwa yamefika asubuhi hiyo kutoka kwa mchapaji, yananukia rangi. Kubwa kuliko yote lilikuwa na maneno ya msumeno na simiti, na juu yake jina la mpishi kwa herufi nyekundu. Sherehe ilikuwa Jumamosi.

"Yuko hai?" Bwana Mwangangi akasimama kwa furaha. "Kaluki, hiyo ni baraka. Tunamleta. Tunamketisha jukwaani, tunampa shali, anapigwa picha mbele ya bango lake. Wazee wanapenda kukumbukwa."

"Hilo si la kumkumbuka. Ni nusu. Tumeweka walivyomwambia, tukaficha alivyowajibu."

"Basi tutaongeza siku nyingine. Sasa hivi watu wamezoea hivi. Wanacheka. Wacha wacheke."

"Wanamcheka mtu ambaye hata mdomo tumemfunga."

"Ni mzaha, Kaluki. Usiubebe kama mzigo." Akashika simu iliyokuwa ikilia. "Mlete tu Jumamosi. Ni hivyo tu."

Kaluki alitoka akiwa amekasirika, zaidi kwa sababu mzigo wenyewe aliufunga yeye kwa mikono yake miwili. Alijua sasa litakalotokea. Likitundikwa bango lile, mama wa watu atakuwa Mwanasha Simiti maisha yake yote yaliyobaki, katika mji ambao haumjui kwa jambo jingine. Na aliyemfikisha huko si wanafunzi wala Bwana Mwangangi.

Jumanne alitoka kazini mapema kwa ruhusa aliyojipa mwenyewe, akakitia kitabu mkobani, akaenda mtaa wa Jamhuri alikoelekezwa na Shahida. Mvua ilikuwa imenyesha na Ngong Road imesimama. Alifika viatu vimelowa, akapiga hodi, Shahida akamfungulia.

Bi Mwanasha alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, aliyeketi wima kwenye kochi kama mtu aliyekuja kwa wengine. Macho yalikuwa yameanza kufifia, lakini alimtazama Kaluki miguuni kwanza.

"Vua viatu hivyo, mwanangu, utapata baridi. Shahida, mpe kandambili."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chuo?"

"Ndiye mimi. Na ndiye niliyefunika majibu yako. Nilidhani ni sala. Nimekuja kuomba radhi."

Mama mzee akafanya kitu ambacho Kaluki hakukitarajia. Alimgeukia binti yake, akasema, "Wasikia? Sala." Na uso wote ukakunjika kwa kicheko kisicho na sauti. Kilipokwisha, akarudi kuwa makini.

"Utani una sharti lake," alisema. "Kitabu kile nilikianzisha mimi. Wale watoto walikuwa wakinung'unika pembeni, nami sipendi mtu wa pembeni. Nikasema, mwenye neno aliandike, halafu aje alisome mwenyewe pale dirishani pa kutolea chakula, kwa sauti, foleni nzima yasikia. Akimaliza, mimi naandika jibu langu papo hapo, nalisoma. Ndipo sahani yake yatoka. Asiyeweza kusoma mbele yangu, basi na asiandike. Siku nyingine chakula kilikuwa kibaya kweli, mwanangu, unga wenyewe ulikuja na wadudu. Lakini watu walikula kwa kucheka."

"Na mbona uliandika kwa herufi hizo?"

"Zile nyingine nilikuwa najua kidogo kidogo. Lakini walikuwa na tabia ya kuchungulia. Waona jibu kabla sijalisoma, utamu waisha." Akachukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Ukimtania mtu, mtazame usoni, naye akujibu. Akiwa hayupo, huo si utani tena. Huo ni usengenyi."

"Basi wiki hizi zote tumekusengenya."

"Mmenisengenya," akakubali Bi Mwanasha. "Kunywa chai, yapoa."

Kaluki alikunywa, akala kaimati mbili kwa sababu hakuwa amekula tangu asubuhi. Kisha akasema alilokuja nalo. Alitaka kuziondoa picha zote, aweke kurasa mbili mbili, kushoto na kulia, na kwa kuwa wengi hawawezi kusoma upande wa kulia, Mama mwenyewe ausome kwa sauti yake kwenye simu. Watu wasikie jibu linatoka kwa mwenyewe.

Bi Mwanasha akauliza kama wataweza kumjibu. Kaluki akamwambia wataweza, kwa sauti zao, na zitamfikia.

"Basi anza," akasema.

Ilichukua muda. Shahida alimsomea malalamiko kwa sauti ya kijana wa chuo, akiikuza, na mama yake akajibu bila kukitazama kitabu, kwa maana majibu mengi aliyakumbuka, na pale alipoyasahau aliyatunga mapya yakawa makali kuliko ya kwanza. Uso ukamchangamka. Akasogea mbele kwenye kochi. Palikuwa na mmoja aliyelalamika kwamba maharagwe yana mawe, na jibu lilikuwa kwamba aje jikoni Jumamosi ayachague mwenyewe, akishindwa atapewa mawe yake ayapike kwao. "Na akaja," alisema. "Akaja kila Jumamosi mpaka akamaliza chuo. Kijana wa Kitui. Muthama."

Walipofika katikati, aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hili liruke."

"Si la kuchekesha?" Kaluki akauliza.

"La kuchekesha sana. Nilimtania masikio. Lakini mtu huyu namjua alikofika, ana cheo, ana wajukuu. Siku ile alicheka, akanirudishia langu la ufupi wangu, tukamalizana. Si la watu wengine."

Wakaliruka, na mengine mawili matatu. Kaluki, ambaye wiki hizo zote alichagua kwa kuangalia lipi litachekesha zaidi, hakuwahi kujiuliza lipi lilikwisha malizwa na wenyewe. Simu ilitetemeka, Stacy alikuwa ameandika kuuliza leo chakula ni nini. Kaluki akamwandikia achemshe mayai.

Mwisho akazungumzia Jumamosi, na mabango, na jukwaa.

"Bango hilo sitaki kulitia machoni," alisema Bi Mwanasha. "Na jukwaani sikai. Nikae juu kama maiti wa kuangaliwa? Mimi mahali pangu palikuwa dirishani. Dirisha lingalipo?"

Kaluki akafikiri. Jiko la zamani sasa lilikuwa chumba cha fotokopi, na dirisha lilikuwapo, nyuma ya rafu ya karatasi.

"Lipo."

"Basi mwenye neno na aje hapo."

Siku iliyofuata Kaluki aliziondoa picha zote, akaweka mpya pamoja na sauti. Hakumwomba mtu ruhusa. Kisha akapanda kwa Bwana Mwangangi kumwambia aliyoyafanya, kwa sababu hakupenda mambo ya pembeni yeye pia.

Bwana Mwangangi alisikiliza, uso ukibadilika. "Mabango yamelipiwa."

"Najua. Hayatundikwi."

"Kaluki, hapa nani ni mkuu?"

"Ni wewe. Ukitaka yatundikwe, panda ngazi uyatundike mwenyewe, mimi sishiki kamba. Na mama wa watu akiliona bango atageuka palepale mlangoni, nami nitamrudisha nyumbani kwake. Picha utapiga na bango peke yake."

Bwana Mwangangi akamwambia aende. Kaluki alirudi chini, akakaa gizani kidogo kabla ya kuwasha taa. Miguu ilimuuma. Aliwaza kama amefukuzwa kazi, akaona atajua tu, hakuna haja ya kukimbilia.

Mchana simu yake ikaanza kulia milio mifupi mifupi, haikunyamaza. Waliosoma chuoni walikuwa wakijibu. Wazee wa Machakos, wa Voi, mmoja aliyehamia kwa mwanawe ng'ambo, wote wakituma sauti zao, wakikohoa, wakicheka, wakimwita Bi Mwanasha, wakimlalamikia upya kuhusu chai. Mmoja alilia katikati ya sentensi kisha akaomba msamaha kwa kulia. Kaluki alizituma zote kwa Shahida. Jioni Shahida akaandika kwamba Mama ametoka, yuko barazani kwa jirani, na simu amekwenda nayo.

Alhamisi Bwana Mwangangi aliteremka ngazi kwa mara ya pili mwaka huo.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Badala ya jukwaani, tumweke pale dirishani pa zamani. Watu wapange foleni. Itapendeza kwenye picha."

"Ni wazo zuri," alisema Kaluki.

"Na mabango yale tuyaache kwanza."

"Tuyaache."

Rafu ya karatasi ilikuwa nzito. Alisaidiana na Phoebe wa fotokopi kuisukuma Ijumaa, wakapangusa dirisha, wakakuta kizingiti cha mbao kimelika katikati kwa sahani za watu. Phoebe aliuliza kama kuna posho ya kazi hiyo. Kaluki akamwambia acheke kwanza ndipo amjibu.

Jumamosi foleni ilianza kabla ya hotuba kwisha, na hotuba zikabaki na wasikilizaji wachache. Bi Mwanasha alisimama dirishani kwa leso mpya, Shahida nyuma yake. Wanaume wenye fimbo na wanawake wenye vitambi vya heshima walisogea mmoja mmoja, wakasoma malalamiko yao kwa sauti, wengine yale ya zamani, wengine mapya, na kila mmoja alijibiwa akitazamwa usoni. Kila mara foleni nzima iliangua kicheko, na aliyejibiwa akaondoka ameshika mbavu. Mwanafunzi mmoja wa sasa akajitia ujasiri, akalalamika kuhusu chipsi za kantini kwamba zimelegea kama kamba za viatu.

"Mpishi wenu nani?" Bi Mwanasha akamuuliza.

"Yuko huko kantini, Bibi."

"Mwite aje asimame hapa. Mimi simsengenyi mtu."

Ikabidi waende kumwita.

Kaluki alikuwa akihangaika tangu alfajiri, akipanga viti, akitafuta waya wa spika, akimjibu kila aliyeuliza choo kiko wapi. Alipopita dirishani akiwa amebeba kreti ya soda, Bi Mwanasha alimwona.

"Na wewe. Njoo hapa. Soma lako."

"Mimi sina, Mama. Nina kazi."

"Hakuna asiye na lalamiko. Weka kreti."

Akaiweka. Watu wa foleni walimwachia nafasi, wakingoja kucheka. Kaluki alitafuta jambo la mzaha kichwani, akakuta hakuna kitu. "Nimechoka tu," akasema. "Ni hilo."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanasha alimtazama kwa muda, kama alivyomtazama siku ile ya viatu.

"Nyumbani nani akupikia?"

"Nani anipikie? Mimi ndiye mpishi."

"Na wao wasema nini?"

"Wanasema sukuma tena."

"Nawe wawajibu?"

"Najibu."

"Usoni?"

Kaluki akafikiri. "Nikiwa nimewapa mgongo. Naosha vyombo."

"Basi ndiyo maana umechoka," alisema Bi Mwanasha. Akageuka. "Shahida, huyu hajala. Mtolee sahani. Na mpe kiti, ale akiwa amekaa."

Sahani ikapita juu ya kizingiti, wali na mchuzi uliokuwa umeshapoa. Kaluki akaipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa amekwisha kuvaa miwani, akisafisha koo ili aanze kusoma.